Mafuta ya Mwani: Hesabu Inayokwama Kwenye Maji

Mwaka 2007 Yusuf Chisti, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Massey huko New Zealand, alichapisha jedwali dogo lililopata umaarufu kuliko makala yenyewe. Lilipanga mazao kwa wingi wa mafuta yanayopatikana katika hekta moja: mahindi lita 172, soya lita 446, mbono kaburi lita 1,892, mchikichi lita 5,950. Mstari wa mwisho ulikuwa wa mwani mdogo, ule usioonekana ila kwa hadubini, unaoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani: lita 58,700 ikiwa asilimia 30 ya uzito wake ni mafuta, na lita 136,900 ikifika asilimia 70. Wakati huo bei ya mafuta ghafi ilikuwa inapanda kuelekea rekodi ya mwaka 2008, na ugomvi juu ya kugeuza mahindi kuwa ethanoli huku watu wakikosa unga ulikuwa umepamba moto. Mwani haukugombea shamba na mtu yeyote, ungeweza kukua katika maji ya chumvi, na ukipata jua na mbolea huzaana haraka kuliko zao lolote la nchi kavu. Fedha zikamiminika. Julai 2009 kampuni ya ExxonMobil ilitangaza kwamba ilikuwa tayari kutumia zaidi ya dola milioni 600 kwa kushirikiana na Synthetic Genomics, kampuni ya mwanasayansi J. Craig Venter. Sapphire Energy ilichimba mabwawa karibu na mji wa Columbus, New Mexico, ikipewa ruzuku na dhamana ya mkopo na serikali ya Marekani. Miaka kumi na kitu baadaye hakuna kituo cha mafuta popote kinachotegemea mwani. Sapphire iliuzwa mwaka 2017. ExxonMobil nayo ilijitoa, na habari hizo zilipofahamika mwanzoni mwa 2023 ilikuwa imekwisha kutumia dola milioni 350 hivi.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya kibiashara: bei ya mafuta ghafi iliporomoka kuanzia katikati ya 2014, wawekezaji wakavunjika moyo. Ni kweli iliporomoka. Lakini kati ya 2011 na katikati ya 2014 pipa moja liliuzwa kwa zaidi ya dola 100 karibu muda wote, na hata hapo hakuna aliyeuza dizeli ya mwani kwa faida. Bei inaweza kueleza kwa nini mradi fulani ulifungwa mwaka huu badala ya mwaka ujao, basi. Sababu yenyewe iko chini zaidi. Kupata lita moja ya mafuta haya kunadai nishati inayokaribia ile iliyomo ndani ya lita hiyo, na mara nyingi inaizidi, na sehemu kubwa ya nishati hiyo haiendi kwa mwani hata kidogo. Inakwenda kwa maji. Jedwali la mwaka 2007 lilipima ardhi, kana kwamba ardhi ndiyo adimu katika kazi hii. Kilicho adimu ni nishati ya kuutoa mwani majini, na jedwali halikuwa na safu ya kuionyesha.

Tufuate kilo moja tu ya mwani mkavu tuone. Bwawa la kawaida la kuukuzia lina umbo la kiwanja cha mbio, kina chake ni sentimita 30 hivi, na gurudumu lenye makasia huyasukuma maji yazunguke ili kila chembe ipate zamu yake ya jua. Muundo huo umetokana na kazi ya William Oswald wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu miaka ya 1950. Maji yakisimama, mwani huzama na kuoza. Yakikimbizwa mno, umeme unapotea, maana nguvu inayotakiwa hupanda kwa mchemraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, unalipa mara nane. Ndiyo maana wakuzaji huishia kwenye sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde, na kwa mwendo huo gharama inavumilika. Tatizo linaanza wakati wa kuvuna. Hata bwawa lililostawi vizuri huwa na kama nusu gramu ya mwani katika lita moja, kwa sababu ukisongamana zaidi ya hapo, ulio juu huuziba ulio chini usipate mwanga. Kilo yetu moja, kwa hiyo, imetawanyika katika lita 2,000, yaani tani mbili za maji. Chembe zake ni ndogo kuliko unene wa unywele, na kila moja ina uzito unaokaribia kuwa sawa na wa maji yaliyoizunguka, hivyo haina haraka ya kutuama.

Njia ya uhakika ya kuzitenga ni sentrifuji, mashine inayozungusha maji kwa kasi mpaka kilicho kizito kikaganda pembeni. Mashine nzuri hula kama kilowati-saa moja kwa kila mita ya ujazo, na nyingi hula mara kadhaa ya hapo. Kwa lita 2,000 ni kilowati-saa mbili, sawa na megajuli 7.2 za umeme. Sasa linganisha na tunachotarajia kupata. Tukisema robo ya uzito ni mafuta, kilo yetu ina gramu 250 za mafuta, ambazo ni mililita 270 hivi, na nishati iliyomo haifiki megajuli 10. Kuvuna peke yake kumekwisha kula sehemu kubwa ya mapato. Wakuzaji wanalijua hilo, kwa hiyo hutanguliza kuugandisha mwani kwa shabu au kemikali za jamii hiyo, kama zinazotumika kusafisha maji ya kunywa, ili utuame wenyewe, kisha sentrifuji ikamalizia kiasi kidogo kilichobaki. Hapo tunapata tope la kijani lenye asilimia 20 za mwani na asilimia 80 za maji. Linaonekana zito, lakini bado kila kilo ya mwani imeshikamana na kilo nne za maji. Njia iliyozoeleka ya kukamua mafuta, inayotumia kiyeyushi cha heksani, haifanyi kazi vizuri penye maji. Tope lazima likaushwe. Kuyapasha moto maji hayo kutoka nyuzi 25 hadi 100 na kuyageuza mvuke kunahitaji zaidi ya megajuli 2.5 kwa kila kilo, hivyo zaidi ya megajuli 10 kwa kilo zote nne, na hapo tunadhani hakuna joto lolote linalopotea. Mafuta yote ya kilo ile, hata yangechomwa mpaka tone la mwisho, yasingetosha kulikausha tope yalimotoka.

Hesabu hii si ya kubuni ili kuutia mwani aibu. Mwaka 2009 Laurent Lardon na wenzake nchini Ufaransa walichambua uzalishaji wa dizeli kutoka kwa mwani aina ya Chlorella vulgaris, wakakuta kwamba katika njia ya kukausha, asilimia 90 ya nishati ya kiwandani iliishia kwenye hatua ya kupata mafuta, na hata mafuta yalipokamuliwa mwani ukiwa mbichi, sehemu hiyo ilibaki asilimia 70. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikusanya tafiti zilizokuwepo, likaonyesha kwamba kwa kila kipimo kimoja cha nishati kilichowekezwa, mwani ulirudisha kati ya 0.13 na 3.33. Chini ya moja ni hasara ya wazi. Na juu ya moja si lazima kuwe na maana: Charles Hall, mtaalamu wa ikolojia aliyetumia maisha yake kupima mapato ya nishati, pamoja na wenzake, walieleza mwaka 2009 kwamba mafuta yanayorudisha chini ya tatu kwa moja hayawezi kuiendesha jamii, kwa kuwa bado kuna barabara, malori, mitambo na watu wa kulishwa kabla hayajafika kwenye tangi la gari. Makadirio bora kabisa ya mwani, yaliyopangwa kwenye karatasi, ndiyo yaliyoigusa alama ya kuanzia.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye bili ya umeme ya mradi, nayo ni mbolea. Mwani ni kiumbe chenye protini nyingi, na ukikua vizuri kilo moja hubeba gramu 70 hivi za nitrojeni. Nitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa gesi asilia, na kila kilo yake hugharimu kati ya megajuli 35 na 50. Kwa kilo yetu ya mwani hiyo ni megajuli 2.5 hadi 3.5, karibu theluthi ya nishati ya mafuta yatakayopatikana, na pampu haijawashwa. Ripoti ile ya 2012 iliipanua hesabu hiyo hadi ngazi ya taifa. Ili mwani ukidhi asilimia 5 tu ya mafuta ya usafiri ya Marekani, kama lita bilioni 39 kwa mwaka, zingehitajika tani milioni 6 hadi 15 za nitrojeni, yaani asilimia 44 hadi 107 ya nitrojeni yote inayotumika nchini humo, iwapo haitarejeshwa bwawani. Zao lililosifiwa kwa kutogombea shamba lingegombea mbolea na kila shamba. Hewa ya ukaa nayo haiji bure: kilo moja ya mwani inahitaji kilo 1.8 za gesi hiyo, na hewa ya kawaida ina kiasi kidogo mno, hivyo lazima ivutwe kutoka kwenye bomba la moshi la kiwanda, isukumwe, na kupulizwa bwawani.

Wako waliojibu kwamba kosa ni la mabwawa ya wazi, kwamba mwani ukikuzwa ndani ya mirija ya kioo au plastiki husongamana zaidi, na maji ya kuondoa hupungua. Hilo ni kweli. Lakini maji ndani ya mrija mwembamba lazima yasukumwe mfululizo, oksijeni itolewe isije ikausumbua mwani, na jua kali likizidi, mrija upoozwe. Orlando Jorquera na wenzake walilinganisha mifumo hiyo mwaka 2010, wakiangalia ukuzaji tu bila kuvuna wala kukausha. Bwawa la wazi lilitumia wati zisizofika 4 kwa kila mita ya ujazo. Mirija ilitumia 2,500. Mafuta ya mwani wa kwenye mirija yalirudisha asilimia 7 ya nishati iliyoukuza. Ulichookoa kwenye kuvuna umekwisha kukilipa, tena kwa riba, wakati wa kukuza.

Pingamizi lililovuta fedha nyingi kuliko yote ni la kizazi bora: tafuteni au tengenezeni mwani wenye mafuta mengi zaidi, na kila lita ya maji itabeba faida kubwa. Kwa mantiki halina kasoro. Ila Wamarekani walikwisha kulijaribu. Kuanzia 1978 hadi 1996 Wizara yao ya Nishati iligharimia mradi wa utafiti wa viumbe wa majini kwa dola milioni 25 hivi, ukakusanya zaidi ya aina 3,000 za mwani na kujenga mabwawa ya majaribio huko Roswell, New Mexico. Kilichoonekana ni kwamba mwani hujaza mafuta pale unaponyimwa chakula, hasa nitrojeni, na kiumbe aliyenyimwa chakula huacha kukua. Asilimia ya mafuta inapanda, mavuno ya jumla yanashuka, na jumla ya mafuta kwa siku haiongezeki. Siku nzuri kabisa za Roswell zilitoa hadi gramu 50 kwa mita ya mraba, lakini usiku wa baridi wa jangwani uliuvuta wastani chini sana. Na kwa gramu 10 kwa siku zenye robo ya mafuta, hekta moja hutoa lita 10,000 hivi kwa mwaka: si haba, inaushinda mchikichi, lakini iko mbali mno na zile 136,900. Uhandisi wa vinasaba umesogea mbele tangu hapo. Mwaka 2017 ExxonMobil na Synthetic Genomics walitangaza mwani wa Nannochloropsis ambao mafuta yake yamepanda kutoka asilimia 20 hadi zaidi ya 40 bila ukuaji kuathirika sana. Ni kazi ya kupongezwa, na naisema bila kusita. Hata hivyo, kurudufu mafuta kunapunguza maji kwa nusu tu: badala ya lita 2,000 za kushughulikia kwa kila robo kilo ya mafuta, zinabaki 1,000.

Hapa Afrika Mashariki msomaji ana haki ya kuuliza swali jingine: kwa nini tukaushe kwa moto na jua lipo? Akina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar, wanaanika mwani wa baharini juani na kuuza. Wanawake wa Kikanembu kando ya Ziwa Chad huchota spirulina na kuikausha juu ya mchanga. Swali hili lina uzito kuliko waandishi wengi wanavyolichukulia. Tope la asilimia 20 likitandazwa mahali penye jua la tropiki, eneo la kulikaushia ni dogo sana likilinganishwa na bwawa, asilimia chache tu. Ardhi si kikwazo. Vikwazo ni mvua, wafanyakazi wa kutandaza na kukusanya, na mafuta yenyewe, yanayoharibika haraka chembe zikianza kuoza. Lakini jua likifanya kazi hiyo, linafuta megajuli 10 zilizokuwa zinatuua. Halifuti hatua iliyotangulia. Kuyakausha maji ya bwawa moja kwa moja, lita 30 kwa mita ya mraba kila siku kwa mavuno ya gramu 15, kungehitaji anga lenye joto mara kadhaa ya lile tulilo nalo. Spirulina inachujwa kwa kitambaa kwa sababu umbo lake ni uzi uliojikunja. Kwa sababu hiyo hiyo, heroe wa maziwa ya Bogoria na Natron huichuja kwa mdomo na kushiba. Lakini spirulina ina mafuta machache mno, chini ya asilimia 10. Aina zenye mafuta mengi ni zile chembe ndogo za mviringo zinazopita kwenye kitambaa. Maumbile hayajatupa zote mbili kwa mkupuo.

Njia nyingine ya kukwepa ukaushaji ni kulipika tope likiwa bichi, kwenye nyuzi 350 na shinikizo kubwa, mpaka ligeuke mafuta ghafi mazito. Maabara ya Taifa ya Pacific Northwest ya Marekani ilionyesha mwaka 2013 kwamba kazi hiyo inaweza kufanyika mfululizo, kwa muda usiofika saa moja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika miaka ile, maana maji hayageuzwi mvuke na sehemu ya joto inaweza kurudishwa kupasha tope linalofuata. Bado tope la asilimia 20 lazima lipatikane kwanza, na mafuta hayo hutoka yamejaa nitrojeni inayohitaji hidrojeni kuiondoa, nayo hidrojeni hutengenezwa kwa nishati.

Mahali ambapo hesabu inageuka kweli ni kwenye majitaka. Hapo maji yapo tayari, mbolea ipo tayari, na kusafisha ni lazima kufanyike hata mwani usipotoa tone la mafuta. Oswald aliliona hilo mapema. Mabwawa ya Vingunguti jijini Dar es Salaam na yale ya Ruai pembezoni mwa Nairobi yamejengwa kwa kanuni hiyo: mwani unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kuozesha uchafu, na hakuna mashine ya kupuliza hewa inayohitajika. Tazama jinsi nishati inavyopatikana hapa. Haichomwi kwenye injini. Ni umeme ambao haukuhitajika kununuliwa, kwa kuwa mitambo ya kisasa ya majitaka hutumia umeme mwingi kuliko kwingine kote katika kupuliza hewa. Mwani ukivunwa na kuozeshwa pamoja na tope la majitaka, gesi ya kupikia au ya kuzalisha umeme inaongezeka, bila kukausha chochote. Kiasi hicho hakiwezi kuendesha magari ya nchi nzima, kwa sababu majitaka ya mji yana kikomo. Lakini kwa kiwango chake, faida ni ya kweli na haidai muujiza wa vinasaba.

Labda mtu atasema umeme wa jua ulikuwa ghali mno mwaka 1990, na leo ni wa bei nafuu. Kwa nini tusiupe mwani muda? Bei ya paneli ilishuka kwa kujifunza kutengeneza, kwa viwanda vikubwa na kaki nyembamba za silikoni. Joto la kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke halishuki kwa uzoefu. Lilikuwa vilevile mwaka 1850 na litakuwa vilevile mwaka 2050. Na anayependekeza pampu na sentrifuji ziendeshwe kwa paneli anapaswa kueleza kwa nini umeme huo usiingie moja kwa moja kwenye betri ya basi au pikipiki. Paneli hugeuza asilimia 20 hivi ya mwanga kuwa umeme. Bwawa la mwani, likienda vizuri, hugeuza asilimia 1 hadi 3 kuwa kitu kilicholowa. Ndege ni hoja ngumu zaidi, maana haitaruka na betri kutoka Nairobi hadi London. Itahitaji mafuta ya kimiminika, na hapo mwani unastahili kushindanishwa, lakini na mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika na mabaki ya mashambani, ambayo hayahitaji kutolewa ndani ya tani mbili za maji kwa kila kilo.

Jambo hili linatuhusu, kwa kuwa tumekwisha kupita njia inayofanana nayo. Katikati ya miaka ya 2000 mbono kaburi ulipigiwa debe Tanzania kwa hesabu ile ile ya lita kwa hekta, na huko Kisarawe zaidi ya hekta 8,000 kutoka vijiji 11 zikatengwa kwa mradi uliokuja kusimama mwaka 2011, wanavijiji wakiwa wamekwisha kuachia ardhi. Fukwe zetu, jua letu na maziwa yetu ya magadi yataendelea kuwavutia wenye mipango ya mwani, na wengine watakuwa na nia njema na sayansi nzuri. Anayekuja kwa ajili ya chakula cha samaki, rangi au virutubisho anauza kilo kwa dola nyingi na anaweza kuilipia sentrifuji. Wengi walioanza na mafuta Marekani wamehamia huko. Anayekuja kwa ajili ya mafuta aulizwe, kabla hati ya ardhi haijaandikwa, ni kilowati-saa ngapi zimetumika kwa kila kilo ya tope la asilimia 20 kwenye bwawa lake mwenyewe, kwa mwaka mzima ukiwemo msimu wa masika, na nitrojeni yake inatoka wapi.